Taa Nyekundu Kutoka Deki Iliyokufa

Katika nyumba nyingi za vijijini kwetu siku hizi utaikuta deki ya DVD iliyokufa. Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kana kwamba bado yafanya kazi, au imesukumwa chini ya kitanda pamoja na redio ya babu. Watu hawaitupi, kwa sababu ilinunuliwa kwa fedha nyingi. Wala hawaitengenezi, kwa sababu wenye simu hutazama picha zao humo humo katika simu. Leo napenda kuwaeleza juu ya kitu kimoja kilichomo ndani ya deki hiyo, kidogo kuliko punje ya hindi, ambacho mimi nilikitoa kwa mikono yangu nikakipa kazi nyingine. Kitu hicho huitwa dayodi ya leza. Tena nitaeleza kwa nini nilimkatalia kijana mmoja aliyetaka nimtengenezee iliyo kali zaidi, maana shauri hilo limesemwa sana hapa parokiani, na wako waliosema kwamba karani ana choyo.

Kwanza leza yenyewe. Taa ya kawaida, iwe koroboi, iwe balbu, hutoa mwanga kama watu wanaotoka sokoni jioni: kila mtu na njia yake na mwendo wake, huyu ana kapu kichwani, yule anavuta mbuzi. Mwanga wa leza ni kama maandamano ya Sikukuu ya Ekaristi: watu wote njia moja, hatua moja, wimbo mmoja. Ndiyo maana mwanga wa koroboi hauvuki uwanja, bali leza yavuka uwanja na shamba la jirani ikiwa bado ni nukta.

Jambo hili lilianza katika hesabu kabla halijaonekana kwa macho. Mwaka 1917 Albert Einstein alionyesha kwamba mwanga ukiipitia atomu iliyokwisha kupewa nguvu, waweza kuichokoza itoe mwanga mwingine uliofanana na ule wa kwanza kabisa, na kwenda nao sambamba. Hao wawili nao huchokoza wengine. Ukiweka vioo viwili vinavyotazamana, mwanga ukaenda na kurudi katikati, maandamano hukua. Lakini zilipita zaidi ya miaka 40 mpaka tarehe 16 Mei 1960, ndipo Theodore Maiman huko California akawasha leza ya kwanza, akitumia kito cha rubi, na mwanga wake ulikuwa mwekundu. Mwaka 1962 Robert Hall, wa kampuni ya General Electric ya Marekani, akapata leza ya kwanza ya dayodi, ila mwanga wake haukuonekana kwa macho. Na mwaka huo huo Nick Holonyak, wa kampuni ile ile, akapata iliyotoa mwanga mwekundu unaoonekana. Dayodi za siku zile zilitaka kupozwa kwa baridi kali kupita kiasi. Mwaka 1970 ndipo zilipopatikana zilizowaka mfululizo katika joto la kawaida la chumbani. Na leo hii dayodi ya namna hiyo imelala chini ya kitanda chako, ndugu msomaji, nawe hujui.

Deki niliyoitumia ilikuwa ya ukumbi wa parokia. Ilikuwa imekufa miaka mingi, na katika daftari la mali ya parokia nilikuwa nikiiandika kila mwaka, "Deki 1, mbovu." Nilipomwomba Paroko niichukue, alicheka akasema, "Chukua, Bwana Karani, lakini usituunguzie nyumba." Mke wangu hakucheka. Alisema, "Baba watoto, hicho kitu kitatufaa nini?" Swali hilo ni la haki, maana vitu vidogo vya kununua vilikuwa ni fedha ya sukari na sabuni, na kipima umeme peke yake kilinigharimu shilingi 18,000.

Nilimjibu hivi. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwanga huenda kwa mawimbi. Mkufunzi alichora mawimbi ubaoni kwa chaki, sisi tukayachora katika daftari, tukayachora tena katika mtihani, tukafaulu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyaona. Yaani tulitayarishwa kuwafundisha watoto jambo tulilolishika kama watu wanavyoshika habari ya nchi ya mbali. Mimi baadaye nikawa karani, siingii darasani, lakini jambo lile halikuniacha. Nilitaka kuyaona mawimbi hayo ukutani. Mke wangu akasema, "Basi yaone, lakini sukari usiiguse." Tulipatana hivyo, na vitu nilivinunua kimoja kimoja kwa muda wa miezi mitano, kila nilipotumwa mjini Songea kwa kazi ya parokia.

Sasa kazi yenyewe. Ukifungua deki kwa bisibisi utaona kigari kidogo kinachotembea juu ya vyuma viwili. Kimebeba lile ambalo mafundi huliita jicho. Ndani ya jicho hilo mna lenzi, vioo vidogo vilivyokaa mshazari, na nyuma kabisa mna kikopo cha chuma chenye upana wa milimita 5.6 na miguu mitatu. Hicho ndicho dayodi. Mtu mwenye haraka huking'oa kwa koleo, na papo hapo huwa amekiua. Adui wake wa kwanza si koleo, ni umeme wa mwilini. Anayevua sweta la nailoni usiku wakati wa kipupwe husikia mlio na huona cheche. Cheche hiyo, ambayo kwetu ni kama kuumwa na siafu, yatosha kuiharibu dayodi hata isiwake tena. Kwa hiyo nilitoa nyuzi nyembamba za shaba katika waya wa zamani, nikaizungushia miguu yote mitatu ikagusana, ndipo nikakata. Nilifanya kazi hiyo bila sweta na bila viatu, juu ya sakafu ya saruji, mwezi wa Julai, na nyumbani kwangu wakadhani nimeweka nadhiri.

Adui wa pili ni tamaa ya dayodi yenyewe. Balbu ya tochi hunywa umeme kwa kadiri yake. Dayodi sivyo: ikipata joto hunywa zaidi, ikinywa zaidi hupata joto zaidi, mpaka ife. Yataka mtu wa kuigawia. Mgawaji niliyemtumia ni kidude cha miguu mitatu kiitwacho LM317. Mafundi redio wote wanakifahamu. Ni kama mama anayegawa uji: hata sufuria lijae namna gani, kila mtoto hupata kikombe kimoja. Ukubwa wa kikombe huamuliwa na rezista, na hesabu yake ni nyepesi: gawa 1.25 kwa omu za rezista, nawe utapata ampia. Rezista ya omu 68 hutoa kama miliampia 18. Ya omu 47 hutoa kama 27. Betri nne za tochi, volti 6 jumla, zilitosha.

Hata hivyo sikuiunganisha dayodi mara moja. Kwanza niliweka mahali pake dayodi tatu za kawaida zilizopangwa mstari mmoja pamoja na rezista ya omu 1, kama tunavyosimamisha sanamu shambani ili ndege wadhani ni mtu. Kwa kuwa rezista ile ni omu 1 tu, kila milivolti moja niliyoisoma juu yake ilikuwa ni miliampia moja. Nilisoma 18. Nikangoja dakika kumi, nikasoma tena 18. Mgawaji alikuwa mwaminifu.

Hapa liko jambo ambalo nawaomba wazazi walisome mara mbili. Deki nyingi husoma DVD na pia CD, na kwa hiyo ndani ya kikopo kimoja mna dayodi mbili pamoja. Ya DVD hutoa mwanga mwekundu, wimbi lake ni kama nanomita 650. Ya CD hutoa mwanga wa nanomita 780, ambao jicho la mtu karibu haulioni kabisa. Ukiunganisha mguu usio wake utadhani hakuna kinachotoka, kumbe kinatoka; nawe utainama ukaitazama kwa karibu ili ujue ina nini. Mimi nilikuwa nimesoma habari hiyo kabla, nikaielekeza dayodi kwenye karatasi, nikaitazama karatasi kupitia kamera ya simu. Mguu mmoja ulileta doa lenye rangi ya zambarau katika simu, na kwa macho yangu hakuna kitu. Nikaukata mguu huo mpaka shinani. Mguu wa pili ulileta wekundu uliofifia, kama kaa la moto linalokaribia kuzimika.

Kwa miliampia 18 ilibaki hivyo, wekundu tu uliotawanyika, taa kama taa nyingine. Nikazima, nikabadili rezista, nikaweka ya omu 47. Nilipowasha, wekundu ule haukuongezeka kidogo kama mtu angetazamia, bali uliruka. Palepale ukutani ikatokea alama kali, na ndani yake chembe zinazometameta, ambazo nilipogeuza kichwa zilicheza kama mchanga katika maji. Chembe hizo huzioni katika taa ya kawaida. Kati ya miliampia 18 na 27 dayodi ilikuwa imevuka mlango wake: watu wa sokoni wamekuwa maandamano. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno la sukari.

Kisha niliifungia dayodi katika kipande cha aluminiamu nilichokata kutoka sufuria lililotoboka, ili joto lake lipate mahali pa kwenda. Mbele yake niliweka lenzi niliyoitoa katika leza ya kuchezea, ile inayouzwa mnadani, ambayo ilikuwa mbovu. Sikuongeza umeme zaidi. Nilijua kwamba kwa miliampia chache tu zaidi ingewaka mara kadhaa ya hapo, kwa muda. Nikaacha.

Hapo ndipo kijana aliponijia. Ni kijana wa kwaya, hodari wa mikono, na namthamini. Aliniletea kile kisanduku cha kompyuta kinachoandika DVD. "Bwana Karani," akasema, "yako ni ya kusoma, haiunguzi kitu. Hii ni ya kuandika. Nimeona katika simu, inawasha kiberiti, inapasua puto. Nitengenezee." Alisema kweli. Dayodi ya kusomea hutoa miliwati chache tu, lakini ya kuandikia yaweza kutoa 200 na zaidi, kwa sababu kazi yake ni kuchoma alama katika diski. Kuiunganisha si vigumu kuliko ile niliyoiunganisha mimi: mgawaji ni yule yule, rezista tu ndiyo hubadilika.

Nikamwambia hapana. Akanijibu jibu ambalo mpaka leo naliona kuwa jibu zuri: "Hata kisu kinakata, na kila nyumba ina kisu."

Ndugu wasomaji, nilifikiri sana kabla ya kumjibu, maana mtu asiyeweza kujibu neno kama hilo hana haki ya kukataa. Nikamweleza habari ya jicho. Jicho la mtu lina lenzi mbele, na nyuma lina utando wa kupokelea picha, uitwao retina. Mwanga wa leza ukiingia, lenzi ya jicho huukusanya mpaka uwe nukta nyembamba kuliko unywele, na nguvu yake juu ya nukta hiyo huongezeka kiasi cha mara laki moja. Mungu amelipa jicho ulinzi: mwanga mkali ukilipiga, mtu hufumba kwa muda wa robo ya sekunde hivi. Kwa leza ya mwanga unaoonekana isiyozidi miliwati 1, robo sekunde hiyo humwokoa mtu. Mpaka miliwati 5 bado huenda akasalimika asipoikazia macho. Lakini kwa miliwati 200 madhara yamekwisha kutendeka kabla kope hazijafika chini, wala si lazima mwanga wenyewe umpige. Yatosha uguse kijiko, au kioo cha saa, ukarudi. Na retina haisikii maumivu. Sehemu iliyoungua hairudi, hapana dawa wala miwani ya kuirudisha.

"Kisu," nikamwambia, "humkata aliye karibu nawe, damu hutoka, kila mtu huona, mnamkimbiza zahanati. Hiki kingemkata mtoto aliye upande wa pili wa uwanja, bila damu, bila kilio. Yeye mwenyewe angetambua baadaye, wakati ambapo kila uso anaoutazama, hata wa mama yake, una doa jeusi katikati." Kijana akanyamaza. Kisha akasema kwamba yeye angekuwa mwangalifu. Nikasema najua kwamba yeye angekuwa mwangalifu. Ninao wasiwasi juu ya wadogo zake saba. Akaondoka na kisanduku chake, na jioni ile nikasikia kwamba karani anataka awe na leza peke yake.

Si lazima mtu aunde leza kali ili jambo hili limpate. Zile ndogo zinazouzwa minadani na kwenye mabasi, watoto wakaziita "tochi ya nukta," nyingi zina karatasi inayosema haizidi miliwati 5. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitangaza habari za leza za mkononi 122 ilizozipima: karibu 9 katika kila 10 za kijani, na zaidi ya 4 katika kila 10 za nyekundu, zilizidi kiasi cha sheria ya huko. Basi karatasi ile si ya kutegemewa. Mimi sina chombo cha kupimia mwanga wangu, kwa hiyo naihesabu leza yangu kuwa ni mbaya kuliko ninavyodhani. Huwashwa ofisini peke yake, mlango umefungwa, imefungwa mezani kwa skrubu, na meza ni fupi hata mwanga hupita chini ya magoti. Mwisho wake ni ubao uliopakwa masizi. Pete na saa huvuliwa. Watoto huketi nyuma yake, hawasimami mbele.

Nayo ilinionyesha nini? Kwanza nilitaka kujua urefu wa wimbi lake bila kuambiwa na mtu. Chukua CD. Mistari yake imepangwa kwa nafasi ya milimita 0.0016. Nilitoboa tundu katika ubao mweupe, nikapitisha mwanga tunduni uipige CD iliyosimama sentimita 50 mbele yake. Mwanga ulirudi ubaoni ukiwa umegawanyika: alama moja pale tunduni, na nyingine pembeni, sentimita 22 kutoka tunduni. Wanafunzi wa darasa la saba waliofika waliweza kuifanya hesabu yenyewe baada ya kuonyeshwa: mraba wa 50 na mraba wa 22, jumla, kisha kipeo, ni kama 54.6. Gawa 22 kwa 54.6, zidisha kwa 0.0016. Jibu ni kama milimita 0.00065, yaani nanomita 650 zile zile. Tulilipata kwa rula ya mbao na santuri ya kwaya iliyokwaruzika.

Baada ya hapo tulipima unywele. Hapa lazima nimtaje Padre Francesco Maria Grimaldi, Mjesuiti wa Bologna huko Italia, aliyezaliwa mwaka 1618 akafa mwaka 1663. Yeye hakuwa na leza. Aliingiza mwanga wa jua katika chumba chenye giza kupitia tundu dogo mno, akaweka kijiti chembamba katika njia yake, akaona kwamba kivuli ni kipana kuliko kinavyopaswa, na pembeni yake mna mistari ya rangi. Mwanga ulikuwa umepinda kando ya kijiti. Kitabu chake kilitoka mwaka 1665, yeye akiwa amekwisha kufa, na jina ambalo wataalamu wa Ulaya hulitumia mpaka leo kwa jambo hilo ndiye aliyelitoa. Katika chuo chetu hatukuambiwa kwamba ni padre aliyeliona kwanza, na nadhani watoto wa shule zetu wangependa kulijua.

Nikatega unywele wa mke wangu mbele ya leza, ukuta ukiwa mbali mita 3. Ukutani haikuonekana picha ya unywele, bali mstari mrefu wa vipande vyekundu vilivyokatwakatwa na giza, kama ushanga. Hayo ndiyo mawimbi yaliyochorwa kwa chaki: yanapokutana yakisaidiana pana mwanga, yanapokutana yakipingana pana giza. Kutoka giza moja mpaka giza lingine upande ule ule palikuwa na milimita 28. Zidisha wimbi kwa umbali, gawa kwa 28, utapata unene wa unywele: milimita 0.07. Unywele wa mtoto wetu mdogo ulileta milimita 39, kwa hiyo wenyewe ni 0.05. Kadiri kitu kinavyokuwa chembamba ndivyo mistari yake inavyoachana. Mtu mmoja alikuwa amesema kwamba mambo haya ya gizani ni ya Frimasoni. Nilimwalika aje, akaja, akamkuta karani amepiga magoti ukutani na rula.

Niliitumia mara moja pia katika ujenzi. Kigango chetu kimoja kilikuwa kinapima msingi wa kanisa, mita 16 kwa 9, nami nikafikiri leza itaonyesha usawa. Fundi mkuu ni mzee aliyejenga nyumba nyingi hapa, naye hutumia mpira wa maji, ule mrefu unaoangaza, wenye maji pande zote mbili. "Mwanangu," akasema, "leta taa yako, lakini mpira wangu siuweki chini." Tulipima saa moja usiku, mafundi na waumini wote wakiwa wamesimama nyuma ya leza, nje ya mstari wake, na mwisho wake pakiwa na ule ubao wa masizi niliouchukua ofisini. Leza na mpira vilipishana kwa upana wa kidole kimoja katika mita 16, na ilipotazamwa, ubao niliofungia leza ndio uliokuwa umepinda kwa umande. Asubuhi, jua likiwaka, nukta nyekundu haikuonekana kabisa, na mpira wa maji ukaendelea na kazi. Kusema kweli, kwa kazi ile mpira ni bora, hautaki betri, nao haudhuru jicho la mtu. Leza za wajenzi zinazouzwa mjini hujiweka sawa zenyewe. Hizo ni jambo lingine, na bei yake ni jambo lingine pia.

Kijana wa kwaya alirudi baada ya wiki tatu. Hakutaja kiberiti wala puto. Alikuwa amesikia kwa wadogo zake habari ya unywele, akauliza kama uzi wa katani waweza kupimika. Tukaupima: mistari ilikaribiana, milimita 10, basi ni kama milimita 0.2. Unyuzi mmoja wa pamba ukaleta milimita 108, yaani ni kama 0.018. Tangu hapo huja kila Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya, na ndiye aliyeishonea ofisi pazia la gunia mbili ili giza lipatikane. Kisanduku chake cha kuandikia amekileta mwenyewe. Dayodi yake imo katika kopo la kahawa ndani ya kabati la vitabu vya ubatizo, miguu imefungwa waya wa shaba, na funguo huwa kwa Paroko. Tumekubaliana kwamba tutazungumza tena juu yake siku tutakapopata miwani iliyotengenezwa kuzuia mwanga wa nanomita 650 hasa, si miwani ya jua ya mnadani.

Kwa sasa tunatafuta uzi wa buibui. Tumejaribu mara mbili. Mistari yake hutawanyika ukutani kiasi cha nusu mita, na mwanga hufifia hata huwezi kuweka rula. Kijana asema tusogeze ukuta karibu, mimi nasema tungoje usiku usio na mwezi.